Kompyuta Nyekundu na Ukuta wa Muyama

Kasulu, mwezi wa kumi, mvua za kwanza

Mwanangu Evodia,

Barua hii umeikuta ndani ya kiatu chako cha kushoto. Nimefikiria mahali pengine pa kuiweka nikakosa. Kwenye begi ungeikuta umeshavuka Kibondo, na mimi nataka uisome kabla basi halijaondoka. Kwenye kompyuta ndiyo kabisa, maana ile kompyuta nimeshagundua huifungui nisipokuwepo. Kiatu lazima ukivae. Hata wewe, pamoja na adabu zako zote, huwezi kwenda chuo kikuu peku.

Sasa hivi umekwenda kuwaaga wanakwaya wenzako. Nimefunga mgahawa mapema, wateja wa jioni nimewaambia kichwa kinauma. Hakiumi. Nimekaa jikoni, sufuria la maharage liko motoni, naandika juu ya meza ile ile unayosomea.

Sitakuandikia habari za kuficha pochi, wala chakula, wala wanaume wa Dar es Salaam. Hayo nimeyasema mpaka unayajua kama wimbo wa mchakamchaka. Nakuandikia habari ya kompyuta. Ila habari hiyo itanipeleka Muyama, mahali ambapo mimi na wewe hatujawahi kurudi kwa maneno, kwa miguu tu, siku ya kufagia kaburi. Kwa hiyo kaa vizuri.

Kwanza ujue kwamba ninajivuna, na sitaomba radhi. Madereva wa malori ya kambini Nyarugusu wanajua umefaulu. Yule daktari aliyehamia juzi kutoka Tanga bado anapotea njia ya hospitali yake mwenyewe, lakini anajua kwamba binti wa mwenye mgahawa anakwenda kusomea usanifu wa majengo. Wakiniuliza usanifu ndiyo nini, nawajibu: fundi anajenga, mhandisi anapiga hesabu, binti yangu ndiye anayewaambia wajenge nini. Sijui kama ni kweli hivyo. Nimeisema mara nyingi hata mimi naiamini.

Na ni majivuno haya haya yaliyoninunulia ile kompyuta.

Siku ile nilikwenda sokoni peke yangu, nimevaa kitenge changu cha Pasaka. Kijana muuzaji alikuwa nazo nyingi, zimepangwa kama samaki. Alinisalimia vizuri, tena nataka ujue alikuwa mkweli, usije ukamlaani bure.

Akaniuliza, "Shikamoo mama. Ni ya kufanyia nini?"

Nikamwambia, "Ya binti yangu. Anakwenda chuo kikuu."

"Hongera mama. Anasomea nini?"

"Kujenga maghorofa!"

Akakuna kichwa. "Basi mama, angekuja mwenyewe aangalie. Hao wa kuchora wana mashine zao. Hizi zangu nyingi ni za kuandikia barua na kuangalia muvi."

Evodia, hapo ndipo mtu mwenye akili angesema asante, akaondoka. Mimi nikasema, kwa sauti, ili na muuza vitenge wa jirani asikie: "Nimemzaa mwenyewe, nimemsomesha mwenyewe, nitashindwa kumchagulia kompyuta?"

Nikaanza kuchagua. Na nilichagua kama mtu wa Muyama. Swali langu la kwanza lilikuwa: inakaa na chaji muda gani? Wewe unajua kwa nini. Kwetu kule, kitu cha umeme hakina swali lingine. Redio, tochi, simu, unauliza chaji tu, maana simu ikizima ilikuwa mpaka umpe mtu wa baiskeli aipeleke kwa mwenye sola, na siku mbingu ikiwa na mawingu inarudi ilivyokwenda. Kijana akaniambia, "Kwa chaji mama, hii ndogo nyekundu ni kiboko. Asubuhi mpaka jioni." Nikaishika, nyepesi kama sahani ya bati. Mfuniko unang'aa. Nikaona mwanangu hataumia bega. Nikaona pia, nisikufiche, jinsi itakavyopendeza kanisani.

Na ilipendeza. Uliona mwenyewe padre alivyoinyunyizia maji ya baraka, mimi nimesimama mbele nimeibeba kama mtoto wa ubatizo. Tulipofika nyumbani ukaifungua, ukaiwasha, ukaingia huku na huku. Nikakuuliza, "Inasemaje?" Ukaniangalia usoni ukasema, "Nzuri, mama."

Nikalala nimeshiba kwa neno hilo.

Sasa wiki iliyopita, ulipokuwa umekwenda Kigoma mjini kufuata cheti, Mhandisi Lyimo alikuja kula. Yule wa ujenzi wa halmashauri, Mchaga anayelalamikia ndizi zetu kila mchana na kumaliza sahani kila mchana. Nikamletea kompyuta pamoja na samaki wake, mgebuka. Nikamwambia, "Mhandisi, wewe unajifanya msomi. Tazama silaha ya binti yangu."

Akaigeuza chini, akasoma kale kakaratasi ka nyuma. Akatoa flashi mfukoni, akasema anajaribu kuiwekea programu ya kuchorea, ile anayotumia yeye ofisini. Kompyuta ikawaza. Ikawaza. Mgebuka ukapoa. Hatimaye kikatokea kijinyumba kwenye kioo, kibanda cha kufundishia tu, akataka kukizungusha tuone nyuma. Kioo kikaganda. Feni ikalia kama nyuki ndani ya chupa, halafu kila kitu kikazimika.

"Mama," akasema, "nani alikuchagulia hii?"

"Mwenyewe."

"Na binti mwenyewe ameisemaje?"

"Amesema nzuri."

Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. "Si alikuja ofisini kwangu likizo ile? Aliikalia kompyuta yangu siku nzima, nikashindwa kumtoa. Huyo mtoto anajua kabisa mashine ya kuchorea inatakiwa iweje. Hii alijua siku ya kwanza, mama. Dakika ile ile."

Nikamuuliza, kama mjinga, "Sasa mbona hakusema?"

Lyimo akanijibu, "Wewe ndiye mama yake. Mimi ni mgeni huku."

Mwana wanje, nimeosha vyombo vya mgahawa huu miaka na miaka, sijawahi kuvunja sahani. Mchana ule nilivunja. Maana nilijua kwa nini hukusema. Nilikuwa ninajua tangu ukiwa darasa la tatu.

Sasa twende Muyama.

Baba yako alipofariki, ndugu zake walikaa kwenye matanga wakasema maneno ambayo mwanamke akiyasikia hasahau: mjane hajengi, mjane anahifadhiwa. Mimi nikaapa nitajenga, tena si banda. Nikafyatua matofali mimi na wanawake wa kuchangiana kazi, nikauza ng'ombe aliyebaki, nikaleta mabati mapya kutoka Kasulu. Hayo unayakumbuka. Usilolijua ni hili. Fundi Yohana alipofika kwenye kuta za pembeni, zile zinazochongoka juu kushika paa, aliniambia: "Mama, tofali za juu bado mbichi ndani. Na tumefyatua mvua ikinyesha. Tungoje zikauke."

Nikamwambia, "Shemeji zangu wanakuja Jumapili. Nataka wakute kuta zimefika juu. Na upandishe kuliko za shemeji Rafaeli."

Akasema, "Shemeji si mvua, mama. Mvua haina aibu."

Nikamwambia, "Panda."

Akapanda. Nilikuwa mwajiri wake, angefanyaje.

Jumapili wakaja, baba yako mdogo Rafaeli mbele na fimbo yake. Nimepika, nimepooza pombe ya ndizi, nimewasimamisha mbele ya nyumba yangu. Na wewe, mtoto mdogo, ukaja na uzi umefunga jiwe, vile ulivyomwona fundi akifanya na timazi lake. Ulikuwa umeuning'iniza ukutani tangu asubuhi, sikukuona. Ukasema katikati ya wageni, kwa sauti yako nyembamba: "Mama, ukuta huu unainama. Tazama, jiwe linakaa mbali na ukuta."

Unajua desturi yetu. Nyumba isiyoezekwa haisemwi ubaya. Ni kama mimba. Watu wote wakageuka kunitazama. Rafaeli akatabasamu, na ni tabasamu lile lililoniua. Nikakupiga kofi mbele yao. Nikasema, "Sema nyumba ni nzuri!" Nawe ukasema, na machozi yanashuka: "Nzuri, mama."

Hilo ndilo neno, Evodia. Ndipo lilipozaliwa. Nililifundisha mimi, kwa mkono huu unaoandika.

Mvua ikanyesha usiku uliofuata. Kulipokucha jua likatoka zuri, kaka yako Deo akaenda kumfunga mbuzi kivulini, na kivuli kilikuwa cha ukuta ule. Sitaandika zaidi. Ulikuwepo. Ulifika kabla yangu, ukachimba kwa kucha.

Ninalotaka kuandika ni la mazishini. Rafaeli alisimama akasema, si kwa kelele, kwa upole, na ndiyo maana liliingia: "Kinywa cha mtoto huyu ndicho kilichouita ukuta." Na watu wakaguna kukubali. Nilikuwa nimejifunika kitenge kichwani. Fundi Yohana alikuwa upande wa pili wa kaburi, akanitazama, anangoja niseme. Ningeinua tu kichwa nikasema: hapana, fundi alinionya, nilikataa, nilitaka kumpita Rafaeli. Maneno machache hayo. Sikuinua kichwa. Nikaacha mzigo ule ushuke mpaka ukutane na mgongo mdogo kuliko yote pale, ukakaa. Yohana akahamia Mabamba, sikumwona tena. Na mimi nikakuchukua tukaja Kasulu, nikawaambia watu nimekuja kwa sababu ya biashara.

Sikukuambia hata siku moja kwamba ulisema kweli. Nilijidanganya kwamba mtoto husahau.

Hukusahau, ulinyamaza. Kidato cha kwanza nilikununulia viatu vidogo, ukavivaa muhula mzima mpaka kisigino kikaoza, kila nikiuliza ni vizuri, mama. Shuleni ulipougua malaria mpaka ukaanguka mstarini, matroni aliniuliza kwenye simu, "Huyu mtoto hana mdomo?" Nikamjibu kwa maringo, "Mwanangu ni mvumilivu." Mawe we! Niliita uvumilivu. Hata chumvi nikikosea wateja wote hulalamika isipokuwa wewe.

Na sasa ulikuwa unakwenda kubeba kitu kisichofaa safari yote hiyo, ukae nacho mbele ya wenzako kikizimika kila ukigusa mchoro, ushindwe mitihani kimya kimya, uniandikie kwamba kila kitu ni kizuri, mama. Ungeacha maisha yako yaharibike kuliko kuniambia kwamba kompyuta yangu nyekundu haifai.

Mwanangu, nimewaza sana kazi unayoiendea. Lyimo anasema mwenye kuchora nyumba hukutana na watu kama mimi kila siku: watu wenye fedha kidogo na kiburi kingi, wanaotaka ghorofa lipande kabla ya Jumapili. Watakuambia, panda. Kama hujajifunza kusema ukuta unainama, watakufa watu, na hao watu watakuwa na mama zao.

Basi haya ndiyo niliyofanya.

Asubuhi ya juzi uliona wanaume wamekuja na mkokoteni, wakabeba yale mabati nyuma ya jiko. Ulisimama mlangoni na kikombe cha chai, ukatazama mpaka yakaisha, hukuuliza. Mabati yale ya Muyama hayajawahi kupigwa msumari. Miaka yote hii nimekuwa nikikuambia nitarudi Muyama nikajenge. Sikuwa na nia. Niliyaweka pale ili nisiwe mtu ambaye nyumba yake ilianguka, niwe mtu ambaye nyumba yake haijaisha. Nimeyauza. Fedha nimeishona kwenye pindo la kitenge cha bluu kilicho juu kabisa kwenye begi lako. Ni ya kompyuta. Ni yako, useme au usiseme. Sinunui ulimi wako.

Sikununua nyingine mimi. Utachagua mwenyewe huko, na wanaojua. Ila nilimkalisha Lyimo nikamwambia nieleze kama unamweleza mtu wa darasa la saba mwenye akili, akanieleza, na leo nakwambia hakuna mama lishe mkoa huu anayejua kompyuta kama mimi. Akasema kuna ubongo wake, huo usiuchukue wa bei ya chini. Kuna ile ram: ni kama meza ya jikoni, ukiwa na meza ndogo, hata mpishi awe hodari kiasi gani, vitunguu vitaanguka chini. Chukua meza kubwa. Kuna kadi ya picha iliyo peke yake, isiyoazima nguvu kwa ubongo, hiyo ndiyo inayozungusha nyumba bila kuganda. Na kioo kiwe kipana, usije ukapofuka. Itakuwa nzito, bega litauma. Liume. Na chaji itakwisha upesi, mashine zenye nguvu zote zina njaa. Usijali, darasani kuna umeme. Anayechagua kwa chaji ni mtu aliyebaki Muyama.

Halafu muuzaji akikuambia ni nzuri, usimjibu. Mfungulie mchoro mkubwa hapo hapo dukani, uuzungushe mbele yake. Ning'iniza jiwe lako.

Nimebakiza jambo moja, nalo nitakuomba, sitakuamuru. Kuamuru nimekwisha kuamuru vya kutosha.

Kesho stendi watakuwepo watu. Wanakwaya, majirani, na baba yako mdogo Rafaeli, amekuja toka Muyama kukuombea safari, analala kwa jirani. Mzee sasa, hata fimbo anaihitaji kweli. Kabla hujapanda nitaitoa ile kompyuta nyekundu kwenye mkoba, nikuinulie mbele yao wote kama nilivyoiinua kanisani, na nitakuuliza: "Mwanangu, inasemaje?"

Nijibu lile unalolijua kuwa kweli.

Ukisema haifai, nitasikia aibu, unanijua, uso utawaka. Nitaivumilia. Halafu nitageuka kwa Rafaeli, si kwako, nimwambie yale niliyotakiwa kumwambia nikiwa na kitenge kichwani: kwamba ukuta ulikuwa umeinama kabla hujafungua kinywa, kwamba mimi ndiye niliyemwambia fundi apande, na kwamba katika watu wazima wote tuliosimama pale siku ile, aliyekuwa anaona ni mtoto mmoja mwenye uzi na jiwe. Nitayasema hata ukinyamaza. Lakini natamani niyaseme baada ya sauti yako.

Na ukisema nzuri, mama, nitaelewa. Nitakubusu, nitarudi nayo nyumbani, na nitajua kwamba ukuta ule bado unaanguka. Sitakulaumu. Nilichokipiga mimi kwa kofi moja siwezi kudai kisimame kwa barua moja.

Nasikia unakuja, unaimba ile sauti ya pili yenu. Maharage yameungua kidogo chini, utayala leo na nitakuuliza ni matamu kiasi gani.

Nakutakia njia njema, na mdomo mpana.

Mama yako.

Na hivi viatu nilivichagua mimi pia. Kama vinabana, anza na hapo.